Muulize Bibi Mkasi: Dongo limeshatua, nijibu au ninyamaze?

Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikaa miaka 19 kwenye chumba cha kuhariri video za muziki, chumba kisicho na dirisha, mimi na kompyuta na feni iliyokuwa ikilalamika kuliko wateja. Jina la Bibi Mkasi nilibandikwa na wachanaji waliochukia nikikata vipande vyao vya kujitazama kwenye kioo. Siku hizi nakata barua. Mwezi huu karibu zote ni za bifu, ule ugomvi wa wachanaji wa rap kurushiana madongo kwa nyimbo, kwa hiyo tusizungukezunguke.

Shikamoo Bibi Mkasi. Toleo lililopita uliandika kwamba kujibizana kwa santuri kwenye rap kulianzia kwa MC Shan na KRS-One. Umesahau Roxanne? – Mzee Santuri

Nimesahau, na nimestahili kuchanwa. Mwaka 1984 kundi la UTFO lilitoa "Roxanne, Roxanne", wanaume watatu wakimlalamikia msichana anayewaringia. Binti wa miaka 14 kutoka Queensbridge, New York, akarekodi kwa prodyuza Marley Marl, akajiita Roxanne Shanté, na akawajibu kwa niaba ya huyo msichana ambaye hata hakuwepo. Baada yake kila mwenye maiki akaja na ukoo wa Roxanne: wazazi wake, kaka zake, hadi daktari wake! Shan na KRS-One walikuja miaka miwili baadaye, na ugomvi wao ulianzia masikioni. Shan aliimba jinsi muziki ulivyoanza mtaani kwake, KRS-One akasikia kwamba hip hop nzima ilianzia huko, akajibu kwa wimbo wa kuutetea mtaa wake, "South Bronx". Miaka ya 1990 hao hao wawili walisimama kwenye ulingo wa ndondi wakichanana, safari hii kwa tangazo la soda. Mzee Santuri, asante. Ukiniona nakosea tena, usinisubirie barua.

Bibi Mkasi, mwanangu wa miaka 16 anaamini mabifu haya ni vita vya kweli. Mimi namwambia ni kiki za kuuza nyimbo. Tumewekeana dau, atakayeshindwa ataosha vyombo wiki nzima. Nani aoshe? – Mama Dau

Osheni pamoja, mama. Mmoja aoshe, mwingine afute.

Nianze na upande wako. Tarehe 11 Septemba 2007, Kanye West na 50 Cent walitoa albamu siku moja, na 50 Cent akaapa kwamba akishindwa kwa mauzo ataacha kutoa albamu zake binafsi. Wiki ya kwanza Marekani Kanye aliuza nakala zipatazo 957,000, mwenzake 691,000. Kiapo kilikwenda na maji, 50 Cent akaendelea kutoa albamu. Na wote wawili walikuwa chini ya paa la kampuni moja kubwa, Universal. Vivyo hivyo mwaka 2024: Drake na Kendrick Lamar walirushiana matope dunia nzima ikitazama, huku kazi za wote wawili zikipita mikononi mwa Universal hiyo hiyo. Ndiyo maana Januari 2025 Drake hakumshtaki Kendrick, aliishtaki kampuni, akidai imeutangaza wimbo wa Kendrick unaomchafua, "Not Like Us". Oktoba mwaka huo jaji aliitupa kesi. Kwa hoja yake, msikilizaji mwenye akili timamu akisikia matusi ya bifu hayachukui kama taarifa ya habari.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa zamani. Dr. Dre alipoondoka kwenye lebo ya Eazy-E, alitoa "Dre Day" kumdhalilisha bosi wake wa zamani. Lakini kwa makubaliano ya kisheria, sehemu ya mapato ya Dre iliendelea kwenda kwa Eazy-E. Yaani kila redio ilipompiga Eazy-E, Eazy-E alilipwa. Naye hakuona haya, aliimba wazi kwamba siku ya Dre ndiyo siku yake ya mshahara.

Sasa upande wa mwanao. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei 2024, siku tatu baada ya "Not Like Us" kutoka, mlinzi wa nyumba ya Drake huko Toronto alipigwa risasi nje ya lango, akaumia vibaya. Sisemi wimbo ndio uliofyatua bunduki. Ninachosema ni kwamba bifu likifikia hatua ya watu kuijua nyumba yako kwa picha ya angani (picha ya nyumba hiyo hiyo ilikuwa kwenye kava la wimbo), aliyesimama langoni ni mtu wa mshahara, si mchanaji. Kiki huwa na ratiba. Hasira za mashabiki hazina. Mwambie kijana aanze na masufuria.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mchanaji, nina ngoma tano tu mtandaoni. Rafiki yangu tuliyekuwa naye kundi moja ametoa wimbo wa kunichana, na video juu yake. Kuna jamaa amevalishwa kofia nyekundu kama yangu, anachechemea kidogo kama mimi, halafu anasahau mistari jukwaani na watu wanamzomea. Ni kweli niliwahi kusahau. Sijalala siku nne. Nimeandika mistari 64, biti ninayo, na nina picha zake za zamani, za aibu. Washikaji wanasema nikipitisha saa 24 nimekwisha. Nijibu lini? – Mchanaji Asiyelala

Marahaba mwanangu. Saa 24 zimeshapita mara nne na bado u hai, kwa hiyo lala kwanza.

Video uliyonitumia nimeitazama mara tatu, kama nilivyokuwa nikifanya kazini: mara ya kwanza kawaida, ya pili bila sauti, ya tatu nimegeuza kiti nasikiliza tu. Kwa kusikiliza tu, wimbo ni wa wastani. Ana vina viwili vizuri, vilivyobaki ni kelele. Bila sauti ndipo nilipoona mambo. Huyo jamaa wa kofia nyekundu ndiye mtu anayependeza kuliko wote humo ndani. Macho yanamfuata yeye, rafiki yako hayamfuati. Halafu nenda dakika ya 1, sekunde ya 48. Jamaa anajikwaa kwenye waya wa maiki, na nyuma yake, upande wa kushoto wa fremu, rafiki yako anacheka kicheko cha kweli, kichwa chini, mkono begani kwa mtu wa pembeni. Amesahau kwamba alitakiwa kuwa na hasira. Kipande hicho mhariri wake alitakiwa akikate. Ama alisinzia, ama alikiacha makusudi. Mimi ningekiacha makusudi.

Suala la haraka. Usiku wa tarehe 3 Mei 2024 Drake aliachia "Family Matters", na video ya zaidi ya dakika saba, ya gharama, imepigwa vizuri. Humo kuna gari dogo la familia linalofanana na lile la kava la albamu ya Kendrick ya 2012, nalo linasagwa na mashine mpaka linakuwa chuma chakavu. Kama mhariri nilisimama nikapiga makofi. Kabla ya saa moja kuisha, Kendrick akaweka "Meet the Grahams". Hakuna video, hakuna magari, ni sauti ya mtu na biti nyepesi ya kinanda. Watu wakaiacha ile ya gari. Kwa hiyo washikaji wako wana hoja, haraka inaweza kuua kazi ya mwenzako ikiwa bado ya moto.

Lakini wanasahau nusu ya pili. "Not Like Us" yenyewe ilitoka siku iliyofuata, na video yake haikutoka mpaka tarehe 4 Julai, miezi miwili kamili, wakati wimbo umeshaimbwa na kila mtu. Ukiitazama utaona ni ya mtu aliyepata muda wa kufikiri. Anapiga pushapu juu ya matofali, kwa sababu mwenzake alitoa wimbo unaoitwa "Push Ups". Anampiga kwa fimbo bundi wa karatasi, kwa kuwa bundi ndiye nembo ya Drake. Mwisho bundi yumo ndani ya tundu. Hakuna anayemwonyesha Drake mwenyewe, wala mwigizaji wa kumfananisha. Na Nas? Jay-Z alimchana kwenye albamu iliyotoka tarehe 11 Septemba 2001, Nas akajibu Desemba. Miezi mitatu! Wakati huo kulikuwa na watu waliokwisha kumchimbia kaburi.

Kuna na njia ya tatu, ambayo najua hutaipenda. Tarehe 5 Aprili 2024 J. Cole alitoa wimbo wa kumjibu Kendrick. Tarehe 7 akapanda jukwaa la tamasha lake mwenyewe, mjini Raleigh, akasema wazi kwamba jambo lile limemkosesha amani, akaomba radhi, na wimbo ukaondolewa mitandaoni. Alichekwa kama mtoto aliyekojoa darasani. Ilipofika Mei, matope yakirushwa kwa watoto na wazazi wa watu, sikuwasikia tena wale wachekaji.

Ukiamua kujibu, haya ndiyo ningekufanyia kama bado ningekuwa na kile chumba.

Mistari 64 ningeikata ibaki 16. Najua inauma. Kati ya 48 inayobaki, nusu unajieleza, na ukijieleza kwenye bifu umeshaanza kupoteza. Wimbo wa mwisho wa Drake kwenye lile bifu ulijaa maelezo, nani alimdanganya nani na kwa vipi, na maelezo hayachezeki. Mwenzake alikuwa na kiitikio ambacho ukumbi mzima uliimba pale Kia Forum tarehe 19 Juni, mara tano mfululizo, mchanaji akinyamaza na watu wakimalizia. Wewe una kiitikio? Kwenye karatasi ulizonitumia sijakiona.

Pili, mtafute jamaa wa kofia nyekundu, umlipe. Sitanii. Kwenye video ya "Dre Day" kulikuwa na mwigizaji aliyemuigiza Eazy-E kama kibaraka, mtu wa kuchekwa. Eazy-E alipojibu, kwenye video yake akamweka mwigizaji huyo huyo, na mhusika huyo huyo, safari hii akikimbizwa mitaani. Silaha ya Dre ikawa mali ya Eazy. Wewe anza video yako pale pale jukwaani, unasahau mistari, wewe mwenyewe, bila kofia. Jamaa wa kofia atokee pembeni akukumbushe neno la kwanza, ndipo biti iingie. Wakishakuona umecheka mwenyewe, kile kipande chake hakina tena pa kuchoma.

Tatu, kuwa mwangalifu na picha kuliko maneno. Mwishoni mwa 1995 Tha Dogg Pound, kundi la California, walikuwa Brooklyn, New York, wakipiga video ya "New York, New York", na gari la wasanii likamiminiwa risasi. Hakuumia mtu. Video ilipotoka, Snoop Dogg alionekana humo kama jitu, akipiga teke maghorofa ya mji. Wachanaji wa New York wakajibu kwa "L.A., L.A.", nao na video yao. Mistari ya ule wimbo wa kwanza ukiisoma peke yake huoni sababu ya watu kushika bunduki. Mwaka uliofuata, Juni, Tupac akatoa "Hit 'Em Up", na kwenye video kulikuwa na watu waliofananishwa na mpinzani wake Biggie wa New York na wenzake. Septemba Tupac akauawa akiwa na miaka 25. Machi 1997 Biggie akauawa akiwa na 24. Miaka mingapi unayo wewe? Hukuniambia kwenye barua.

Na zile picha za aibu, zifute. Usimtumie mshikaji "azitunze". Zifute ukiwa umekaa peke yako, halafu uende kwenye kile kikapu cha kompyuta ukazifute na huko. Barua inayofuata ndiyo sababu.

Bibi Mkasi, mimi sichani, sijawahi kushika maiki. Kaka yangu ndiye mchanaji. Mpinzani wake ametoa wimbo, ubeti wa pili ametaja jina langu la kwanza, kazi ninayofanya, na uongo ambao siwezi kuuandika hapa. Kwenye video kuna msichana amevaa sare kama yangu. Kazini wananiimbia kile kipande nikipita na faili. Kaka anasema nitulie, atanilipizia kwa kumtaja dada wa yule. – Dada Mtu

Dada yangu, barua yako niliisoma nikaiweka, nikairudia kesho yake. Nina deni la kulipa kabla ya kukujibu.

Miaka kadhaa iliyopita mchanaji mmoja, simtaji, alinipa kazi ya kuhariri video ya kumchana mwenzake. Kulikuwa na kipande cha mama mtu mzima, amevalishwa miwani mikubwa ya fremu nyeupe kama ya mama wa mpinzani. Anafungua mlango, anaona hakuna mtu, anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya gauni, anavaa tena. Basi. Ilikuwa na maana ya mama anayemsubiri mwana asiyekuja. Niliikata ikabaki sekunde mbili na fremu kumi, nikaibandika pale ngoma inapogonga kabla ya kiitikio, na ile miwani ikarudi usoni sawasawa na mgongo wa biti. Ilikaa vizuri mno. Niliirudia mara nyingi kwa raha ya kazi yangu mwenyewe.

Wiki chache baadaye nilikuwa kwenye foleni ya kulipia umeme. Mbele yangu watoto watatu walikuwa wanavua miwani isiyokuwepo, wanaifuta, wanavaa, wanaangua kicheko. Mbele yao kulikuwa na mama mwenye miwani ya fremu nyeupe, mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa plasta. Hakugeuka nyuma. Jasho lilikuwa limefanya ukungu kwenye vioo vyake, na hakuivua kuifuta. Alifika dirishani, akamwomba karani amsomee kiasi.

Sikumwambia kitu. Nilitoka kwenye foleni.

Kwa hiyo sitakwambia "usijali, watasahau". Watasahau, ila si kwa ratiba yako. Jay-Z alipojibu tena kwa wimbo uliomwingiza mama wa mtoto wa Nas, mama yake mzazi ndiye aliyempigia simu akamwambia amepita mpaka na aombe radhi. Akaenda redioni akaomba radhi, mtu mzima mwenye jina na mali zake. Nakutajia hilo kwa sababu yule mpinzani wa kaka yako naye ana mama, na katika barua yako yote hujasema kama kuna mtu amewahi kumwendea. Usiende wewe. Aende mtu mzima wa kwenu anayeheshimika, bila kamera, na bila kaka yako. Aombe mambo mawili tu: jina litolewe kwenye wimbo, na kile kipande cha sare kikatwe. Ni kazi ya dakika 20, naijua. Akisema mhariri wake hana muda, mwambieni nipo.

Wakati huohuo YouTube ina utaratibu wa kulalamikia uvunjaji wa faragha, na anayetakiwa kujaza ni mwenyewe aliyetajwa, si kaka. Andika dakika na sekunde kamili jina linapotamkwa na sare inapoonekana. Andika pia kwamba jina na kazi vikiwekwa pamoja vinakutambulisha wewe na si mtu mwingine. Kulalamika kwamba "wimbo unaniudhi" hakutakusaidia. Na kabla ya yote piga picha ya skrini, na pia ya yale maoni mabaya kabisa, uziweke. Kama uongo wenyewe ni wa kukuharibia kazi, zipeleke kwa mwanasheria. Ile kesi ya Drake isikutishe, yule alikuwa mmoja wa waliorusha matope, wewe hukurusha.

Na kaka yako. Mwaka 2018 Pusha T alimchana Drake kwa kutangaza kwamba ana mtoto, kichanga ambaye hakuwa ametimiza mwaka. Mwaka 2024 Kendrick akaanza wimbo kwa kuzungumza na mtoto huyo huyo, kwa jina, hajafika hata miaka saba. Muulize kaka yako kama anaweza kutaja mstari mmoja ambao huyo mtoto aliuandika. Kisha muulize jina la dada wa mpinzani wake. Kama analijua, muulize alilijuaje, na kama amewahi kula kwao. Mara nyingi jibu ni ndiyo, hawa watu walikuwa marafiki.

Bibi Mkasi, acha maneno mengi. Nas na Jay-Z, nani alishinda? – Mwenye Haraka

Nas. Lakini Jay-Z alipokuwa rais wa lebo ya Def Jam, mwaka 2006, Nas alisaini mkataba huko huko, na mwaka huo wakatoa wimbo wakiwa pamoja. Wale waliopigana ngumi kwa ajili yao mwaka 2001 sijui nani aliwapa taarifa.